Kipimo cha CMT kwa ng'ombe wa maziwa: kinunuliwe, ila kisiwe kibali cha kumimina dawa

Ugonjwa wa kiwele una sura mbili. Ule wa wazi kila mkamuaji anaujua: robo moja ya kiwele (sehemu ya chuchu moja) imevimba, ina joto, maziwa yanatoka na mabonge au majimaji yenye damu. Ule uliojificha hauonekani kwa macho. Maziwa ni meupe, ng'ombe anakula vizuri, ila lita zinapungua kidogo kidogo na mwenye ng'ombe analaumu majani. Katika mabanda ya Rungwe, Busokelo, Njombe na Mufindi, ambako ng'ombe wa Friziani na chotara wake wanafugwa ndani na kukatiwa majani ya matete na guatemala, huu wa pili ndio unaomaliza maziwa kimya kimya, na ndio uliofanya kipimo cha CMT kitengenezwe.

Kirefu chake ni California Mastitis Test. Schalm na Noorlander walikitangaza mwaka 1957, na kwa kazi ya bandani bado hatujaona cha kukishinda kwa urahisi na bei: hakitaki umeme, hakitaki maabara, na jibu linapatikana ndani ya nusu dakika. Tunakipendekeza bila kusita kwa yeyote anayekamua. Tatizo kubwa haliko kwenye kipimo chenyewe, liko kwenye yale yanayofanyika baada ya jibu kutoka.

Kifurushi cha kawaida kina kibao cha plastiki chenye vikombe vinne vya kina kifupi, kila kimoja kwa chuchu yake, na chupa ya kitendanishi cha rangi ya zambarau. Kibao ni kigumu na kinadumu miaka. Chagua cheupe, kwa sababu ute mwembamba hauonekani juu ya plastiki ya rangi. Hakikisha pia vikombe vimeandikwa herufi au namba, au kibao kina mpini upande mmoja, maana kinapozunguka mkononi ni rahisi sana kusahau chuchu ya mbele kushoto ni ipi.

Kitendanishi ni sabuni kali iliyochanganywa na rangi iitwayo bromokresoli ya zambarau. Kazi yake inaeleweka ukijua kinachotokea ndani ya kiwele. Bakteria wakipenya tundu la chuchu, mwili unatuma chembechembe nyeupe kutoka kwenye damu, hasa zile ziitwazo nyutrofili, ziwameze. Zinaingia kwenye maziwa kwa mamia ya maelfu katika kila mililita. Sabuni inapasua utando wa chembechembe hizo, DNA iliyomo inamwagika na kushikamana, na mchanganyiko unageuka ute kama wa yai. Kwa hiyo CMT haimwoni bakteria. Inachoona ni vita ya kinga ya mwili dhidi yake. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa mapitio haya yote.

Upimaji ufanywe kabla ya kukamua. Osha na kausha chuchu, kama zina uchafu, kwa kitambaa au karatasi ya ng'ombe huyo peke yake. Kamua mikamuo mitatu ya kwanza kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi juu yake. Mabonge yakionekana hapo, hiyo robo ina ugonjwa wa wazi na CMT haina jipya la kukuambia. Kisha kamua kidogo kwenye kila kikombe cha kibao, ukiinamishe mpaka kila kimoja kibaki na mililita 2 hadi 3, ongeza kitendanishi kiasi kilekile, halafu zungusha kibao taratibu kwa mviringo kwa sekunde 10 hadi 20 huku unaangalia. Jibu linasomwa kikiwa bado kinazunguka.

Mchanganyiko ukibaki mwepesi kama maji, robo ni safi na kwa kawaida chembechembe hazizidi 200,000 kwa mililita. Ute hafifu unaoonekana na kupotea ni dalili ndogo, takriban 200,000 hadi 400,000. Daraja la kwanza ni ute unaobaki lakini haujikusanyi. La pili linaanza kuwa zito na kuvutika kuelekea katikati, na hapo chembechembe zimevuka milioni moja. La tatu linakuwa donge linaloinuka katikati ya kikombe na kugoma kumwagika; hiyo ni zaidi ya milioni 5. Rangi ni ya kusaidia tu. Maziwa ya robo iliyougua hupoteza uchachu wake wa kawaida na zambarau inakolea, na yaliyochachuka hugeuza rangi kuwa ya manjano. Usipe daraja kwa rangi peke yake.

Makosa yanayoharibu jibu ni yaleyale kila mahali. Kosa la kwanza ni kuchelewa kusoma: ute wa daraja dogo huvunjika ukiendelea kuzungusha, na mtu anaandika "safi" wakati robo ina shida. La pili ni maziwa kuzidi kitendanishi, kwa sababu ya uvivu wa kuinamisha kibao. La tatu ni kumpima ng'ombe ambaye bado anatoa dang'a, au yule aliyekaribia kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, na anatoa lita moja tu. Wote hao huwa na chembechembe nyingi bila ugonjwa. Subiri angalau wiki moja baada ya kuzaa. Mwisho, kibao kisiposuuzwa kati ya ng'ombe na ng'ombe, ute wa Daraja la 3 unaingia kwenye hesabu ya asiyehusika.

Lawama moja tunaielekeza kwa wauzaji, bila kutaja duka. Kuna kitendanishi kinachouzwa kikiwa kimehamishiwa kwenye chupa za maji ya kunywa, bila jina, bila tarehe ya mwisho, bila maelezo kama ni kikali cha kuchanganywa na maji au tayari kimeshachanganywa. Chupa ya namna hiyo usinunue, hata kwa nusu bei. Kikali kikitumiwa bila kuchanganywa au cha tayari kikiongezwa maji, madaraja yote yanakosa maana. Kuliko hapo, ni afadhali sabuni ya unga ya kufulia. Watafiti wa Pakistan walionyesha kwamba myeyusho wa asilimia 3, yaani gramu 3 kwenye mililita 100 za maji, ukichanganywa na maziwa kiasi sawa, hutoa ute unaosomeka. Hauna rangi ya kukusaidia na sabuni za unga hazilingani nguvu, kwa hiyo jaribu kwanza kwa robo unayoijua ni safi na nyingine unayoijua ni mgonjwa.

Sasa tuje kwenye dawa. Robo ikionyesha Daraja la 2, watu wengi wanakimbilia tyubu ya kiwele, yaani dawa ya bakteria inayoingizwa kwenye tundu la chuchu. CMT haijakuambia ni bakteria gani, na dawa inategemea hilo. *Streptococcus agalactiae* huishi kwenye kiwele na husambazwa na mikono ya mkamuaji, na kwa kawaida penisilini humwondoa vizuri hata ng'ombe akiwa anakamuliwa. *Staphylococcus aureus* ni adui wa aina nyingine kabisa. Anajificha ndani ya chembechembe zilezile zilizotumwa kumla, anajijengea makovu na vifuko vya usaha ambavyo dawa haifiki, na aina zake nyingi hutoa kimeng'enya kinachovunja penisilini. Kimeng'enya cha namna hiyo kilielezwa na Abraham na Chain mwaka 1940, kabla penisilini haijaanza kutumika hospitalini kwa wingi. Kloksasilini, dawa ya jamii ya penisilini, ilitengenezwa ili isivunjwe nacho, lakini hata yenyewe haifanyi maajabu kwenye robo iliyougua miezi. *Escherichia coli* anatoka kwenye kinyesi. Ana utando wa nje ambao penisilini ya kawaida haiupiti, na kwenye hali isiyo kali kinga ya ng'ombe mara nyingi humfagia yenyewe kabla tyubu ya pili haijaingia.

Watu huuliza kwa nini kinga inashindwa wakati chembechembe ni nyingi namna ile. Sehemu ya jibu ni kwamba nyutrofili zikiwa ndani ya maziwa humeza pia matone ya mafuta na chembe za kaseini (protini ya maziwa), na zikishashiba hizo nguvu ya kumeza bakteria inapungua. Ndiyo maana mlango una thamani kuliko vita ya ndani. Tundu la chuchu limezibwa na keratini, protini ngumu kama ya kucha, ambayo huwanasa bakteria na ina mafuta yanayowadhuru. Baada ya kukamua, tundu hubaki wazi kwa nusu saa au zaidi. Mpe ng'ombe majani muda huohuo ili asimame, asiende kulala kwenye kinyesi.

Kwa hiyo ushauri wetu juu ya matumizi ya jibu la CMT ni huu. Robo yenye Daraja la 1 bila dalili nyingine: usiweke dawa, boresha usafi, mkamue wa mwisho, pima tena baada ya wiki mbili. Daraja la 2 au la 3 kwenye robo ileile mara mbili mfululizo: peleka maziwa maabara kabla ya kununua chochote. Ng'ombe akiwa amebakiza miezi miwili kuzaa, muda wa kumkausha ndio nafasi nzuri zaidi ya kutibu *Staphylococcus*, kwa tyubu za kukaushia ambazo dawa yake hukaa muda mrefu, na daktari wa mifugo ndiye wa kuziandika. Tyubu yoyote ikiingizwa, ncha yake izame milimita chache tu. Ukiisukuma yote unaivunja ile keratini na kuwaingiza ndani bakteria waliokuwa mlangoni.

Kwa Nyanda za Juu Kusini, huduma ya kuotesha vimelea na kupima usikivu wa dawa ipo Iringa, kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Bakteria huoteshwa, kisha hupandwa kwenye sahani ya agari (chakula cha bakteria kilichoganda) na kuwekewa vidonge vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Dawa inayofaa huacha duara tupu kuizunguka, na upana wa duara hupimwa. Maabara nzuri haiwezi kuokoa sampuli mbaya, na hapa ndipo wafugaji wengi wanapoteza pesa. Futa ncha za chuchu kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, ukianza na chuchu za mbali nawe ukimalizia za karibu; kuchukua sampuli anza na za karibu, ili mkono usipite juu ya zilizosafishwa. Mwaga mikamuo mitatu. Shika chupa tasa kwa kuiinamisha, kifuniko usikiweke chini, kamua mililita 5 hadi 10 inatosha. Andika namba ya ng'ombe na chuchu, weka kwenye barafu, ifike ndani ya saa 24. Kutoka Tukuyu kwa basi inawezekana, mradi isisafiri mchana kutwa kwenye buti bila barafu. Ukipata majibu yenye aina tatu au nne za bakteria, hicho ni kinyesi kilichoingia kwenye chupa, rudia.

Kitu kimoja cha kununua pamoja na CMT ni dawa ya kuchovya chuchu yenye ayodini ya asilimia 0.5 hadi 1. Chovya chuchu yote, si ncha tu, mara tu unapomaliza kukamua, na usiongeze maji kwenye iliyo tayari kutumika. Kwa wanaotandika maranda kutoka viwanda vya mbao vya Mafinga, yawe makavu na yabadilishwe mara kwa mara, kwa sababu maranda mabichi ni makazi mazuri ya bakteria *Klebsiella*, ambaye husababisha ugonjwa mkali sana wa kiwele na dawa nyingi za dukani hazimgusi.

CMT haina uwezo wa kuona mabaki ya dawa. Robo inaweza kusoma safi wakati maziwa bado yana penisilini. Fuata siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha tyubu, maana kuchemsha hakuiondoi yote, na bakteria wanaogandisha mtindi hufa kwa kiasi kidogo sana cha penisilini. Kituo cha kukusanyia kinajikuta na tangi zima lisiloganda. CMT haioni pia kimelea cha ugonjwa wa kutupa mimba, kwa hiyo maziwa ya kunywa yachemshwe hata kama vikombe vyote vinne vilikuwa maji.

Kwa hesabu, ng'ombe mmoja anatumia mililita 8 hadi 12 za kitendanishi, hivyo chupa ya nusu lita inapima ng'ombe 40 mpaka 60. Mwenye ng'ombe wawili akipima mara moja kwa mwezi hataimaliza kwa mwaka, na huenda muda wake wa matumizi ukaisha kabla. Wanaokaa jirani wanunue chupa moja kwa pamoja, ila kila banda liwe na kibao chake. Kibao kinachozunguka nyumba hadi nyumba bila kuoshwa kinabeba bakteria walewale tunaowatafuta.