Kompyuta ya kudumu: zipi zinafunguka na zipi zimefungwa

Mnunuzi wa kompyuta huuliza bei, kasi na ukubwa wa skrini, lakini ni nadra kuuliza itakuwaje siku betri itakapochoka au RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi) itakapoelemewa. Mwongozo huu unazipanga kompyuta kwa swali hilo, ukimlenga mtu anayetaka mashine ya ofisi au masomo, aitumie miaka mitano au zaidi, na ambaye ikiharibika ataipeleka kwa fundi wa mtaani.

Nafasi ya kwanza naipa Lenovo ThinkPad T480 iliyotumika, ambayo ilitoka mwaka 2018. Ina betri mbili, moja ya ndani na nyingine ya nje, nayo ya nje unaweza kuichomoa na kupachika nyingine huku kompyuta ikiendelea kuwaka. Nafasi za RAM ni mbili. Yangu ilikuwa na GB 8, nikaifungua mezani nyumbani ili niifikishe 16: nilibonyeza F1 wakati wa kuwasha, nikazima betri ya ndani kwenye mipangilio, nikatoa ile ya nje, nikalegeza skrubu za mfuniko, ambazo hazidondoki bali hubaki zimeshikwa palepale, kisha nikapitisha kadi ya plastiki pembeni taratibu mpaka mfuniko ukaachia. RAM huingizwa kwa mshazari na kukandamizwa hadi vishikizo viwili vya pembeni viilalie. Haikuhitaji fundi.

Unapoikagua dukani, hakikisha prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ni ya kizazi cha 8, kama i5-8350U, kwa kuwa baadhi ya T480 zilitoka na ya kizazi cha 7, ambayo Windows 11 haiitambui rasmi, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Ingia kwenye BIOS, yaani ile mipangilio ya msingi inayofunguliwa kwa F1. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, irudishe. Jaribu chaja kwenye matundu yote mawili ya USB-C. Usichanganye na T480s, ambayo ni nyembamba zaidi, haina betri ya nje, na sehemu ya RAM yake imelehemewa kwenye mazabodi (bodi kuu), haitoki.

Nafasi ya pili, na naitoa bila kinyongo, ni MacBook Air M1 ya mwaka 2020. Haina feni wala kelele, na Apple inaitaja kudumu kwa chaji moja hadi saa 15 za kuperuzi intaneti, jambo ambalo kwa anayeishi panapokatika umeme mara kwa mara si anasa hata kidogo. Lakini RAM yake imeunganishwa pamoja na prosesa, na SSD, yaani hifadhi ya mafaili, imelehemewa, kwa hiyo kiasi unachonunua leo ndicho utakachozeeka nacho. Tafuta ya GB 16. Mazabodi ikifa, mafaili huwa yamefungwa pamoja na chipu, hivyo weka nakala kwenye diski ya nje. Kabla ya kulipa, mwenye mashine aondoe akaunti yake ya Apple (iCloud) mbele yako.

Kwa duka au ofisi isiyohamahama, Dell OptiPlex ya mezani yenye kasha kubwa inashika nafasi ya tatu. Kasha dogo hubana kadi za ziada. Bei ya UPS, betri ya akiba ya kuishikilia mashine umeme ukikatika, ihesabu humohumo.

Laptopu ya Framework, iliyoanza kuuzwa mwaka 2021, inazipita zote kwa uhuru, kwani hata matundu yake hubadilishwa kwa mkono. Nimeiweka ya nne kwa sababu vipuri vyake huagizwa kwa kampuni yenyewe, na fundi wa jirani hana akiba yake.

Ya mwisho kabisa ni laptopu mpya ya bei ya chini yenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC (aina ya bei nafuu na ya polepole kuliko SSD) ya GB 64, mara nyingi vyote vikiwa vimelehemewa. Microsoft inataja viwango hivyohivyo kuwa vya chini kabisa kwa Windows 11, maana yake mashine inaanza kazi ikiwa tayari imefika ukingoni. Ukiambiwa itaongezwa baadaye, mwombe muuzaji aifungue akuonyeshe nafasi ya RAM kabla hujatoa pesa.