Baldur's Gate 3: Uanze na kiwango gani cha ugumu? Uzoefu wangu

Nimeimaliza Baldur's Gate 3 zaidi ya mara moja, kila mara kwa kiwango tofauti cha ugumu, na kila rafiki anayeipakua huniuliza swali lile lile: nianze na kipi? Jibu langu halijabadilika. Anza na Balanced (kiwango cha kati), ukifika levo ya 5 panda Tactician (kigumu zaidi), na Honour (kigumu kuliko vyote) iache kabisa mpaka uwe umeshaimaliza gemu yote. Watu wengi hunishangaa nikisema hivyo, kwa hiyo nieleze.

Mtu aliyezoea magemu mengine hutegemea mwanzo uwe mwepesi na ugumu uje baadaye. Hapa mambo ni kinyume. Gemu hii imejengwa juu ya kanuni za mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, na kwa kanuni hizo mhusika wa levo ya 1 ni dhaifu kweli kweli. Uhai wake ni kiduchu. Mchawi ana nafasi mbili tu za kutumia uchawi wake wa maana, zikiisha anabaki na vitu vidogo vidogo mpaka apumzike. Kila pigo la upanga linaamuliwa na kete ya pande 20, na kwa levo hizo za mwanzo utakosa, utakosa tena, huku adui anakukaribia. Ukifika levo ya 5 hali inageuka ghafla: wapiganaji wengi wanapata pigo la pili ndani ya zamu ile ile, na mchawi anaweza kurusha Fireball inayochoma kundi zima kwa mara moja. Levo ya mwisho ni 12, na kuanzia pale katikati nguvu zako zinapanda kuliko za maadui wengi.

Sasa fikiria mgeni anayechagua Tactician tangu mwanzo. Maadui wanaongezewa uhai kwa asilimia 30, wanapiga kwa uhakika zaidi, na wanajua kumfuata yule dhaifu katika kikosi chako cha watu wanne. Wakati huo wewe bado hujui kwamba kusimama juu kunakupa nyongeza kwenye kete ya shambulio, wala kwamba adui aliye ukingoni unaweza kumsukuma akaanguka. Unapewa mtihani kabla ya somo. Balanced inakupa nafasi ya kujifunza hayo yote bila kukatishwa tamaa, na kutoka hapo unaweza kupanda Tactician kwenye mipangilio wakati wowote bila kuanza upya.

Kwa nini basi nasisitiza kupanda? Kwa sababu ukibaki Balanced baada ya levo ya 5, utaacha kujifunza. Nakumbuka pambano la buibui mkubwa katika mapango yaliyo chini ya kijiji kilichotelekezwa, yale ambayo unaweza kuyaingia kwa kushuka kisimani. Kwa Balanced nilimaliza kwa kupiga tu: mishale, upanga, dawa ya kuponya, tena upanga. Nilishinda na nikasahau. Kwa Tactician njia hiyo haikufika popote, maana anahamahama pango zima na mayai yake yanaangua buibui wengine wakati bado unahangaika naye. Ikabidi nitazame mahali penyewe. Mayai yanaweza kuharibiwa kimyakimya kabla pambano halijaanza. Na yale madaraja ya utando anayopenda kusimama juu yake yanashika moto. Ukiyachoma yeye akiwa katikati, anaporomoka hadi chini na kuumia vibaya kuliko ambavyo silaha yoyote uliyonayo wakati huo ingemuumiza. Hayo yote yalikuwepo kwenye Balanced pia. Hakuna kilichonilazimisha kuyaona.

Ni hivyo hivyo kwenye kambi ya magobilini (viumbe wadogo wakorofi). Pombe yao inaweza kutiwa sumu, viongozi wao watatu wanaweza kuvamiwa mmoja mmoja, na kule juu kuna boriti unazoweza kutembelea ukawapiga kutoka juu. Waliotengeneza gemu hii wamepanga haya kwa uangalifu mkubwa, na mimi naona ni hasara kuyapita kwa sababu tu upanga unatosha.

Jambo moja kuhusu Tactician linahitaji tahadhari, nalo ni kulala. Kwa Balanced, usiku mmoja wa mapumziko kamili unakula akiba 40 za kambi. Kwa Tactician ni 80. Matokeo yake wachezaji wengi wanabana chakula na kukataa kulala, wanajikokota na kikosi kilichochoka. Usifanye hivyo hata kidogo. Hadithi za wenzako, iwe Karlach, Shadowheart au Astarion, kwa sehemu kubwa husonga mbele usiku kambini. Usipolala, mazungumzo mengine yanakupita na unaishia kusema wahusika hawa hawana kina, kumbe hukuwapa nafasi ya kuongea. Chakula kipo tele: fungua kila pipa, kila kreti, kila jiko, tuma vyote kambini moja kwa moja ili visikulemee mzigo. Kwa kufanya hivyo tu nimecheza Tactician nikilala kila nilipohitaji.

Na usiogope kwamba mhusika wako umemjenga vibaya. Yule mfu mkimya Withers anayekuja kukaa kambini kwako anakutengenezea mhusika upya kwa sarafu 100 za dhahabu, na pesa hiyo unaipata mapema sana.

Explorer, kiwango rahisi kuliko vyote, sitaipigia kelele. Kama umekuja kwa ajili ya hadithi na mapigano yanakuchosha, ichague kwa moyo mkunjufu, hutakosa tukio lolote la maana. Ila ujue kwamba haikuruhusu kuchanganya fani mbili kwa mhusika mmoja, kwa hiyo anayetamani mpiganaji aliye pia mchawi kwa mtindo huo aende Balanced.

Honour ni habari nyingine kabisa. Iliongezwa mwishoni mwa Novemba 2023, miezi michache baada ya gemu kutoka. Unakuwa na hifadhi (save) moja tu, mabosi (maadui wakuu) wanapewa uwezo wa ziada ambao hawana kwenye viwango vingine, na baadhi ya njia za mkato zinazotegemewa na wengi zimepunguzwa makali: uchawi wa Haste, kwa mfano, unakupa pigo moja la ziada na si mfululizo. Kikosi kizima kikifa, safari ya Honour imeishia hapo. Unaweza kuendelea na hadithi, lakini heshima yenyewe imeondoka.

Wengi huzungumzia mabosi. Kwangu mimi badiliko kubwa lilikuwa kwenye mazungumzo. Kwa viwango vingine, kete ya ushawishi ikianguka vibaya, mkono unakwenda wenyewe kupakia hifadhi ya nyuma. Kwa Honour kete ikishaanguka imeanguka. Mtu uliyetaka kumwokoa anakufa, mlinzi anakugundua, mlango unafungwa, na hadithi inashika njia ambayo usingeichagua. Nilianza kutunza pointi za msukumo, zile zinazokuruhusu kurusha kete tena, nikizitoa tu pale ambapo maisha ya mtu yalikuwa mezani. Sijawahi kuwajali wahusika wa gemu kiasi kile. Lakini hilo linawezekana tu kama tayari unajua mapambano makubwa yako wapi. Mgeni atauawa na kitu ambacho hakuwa na namna ya kukijua.

Kama unataka uzito huo wa kete bila hatari ya kupoteza safari yote, tumia Custom, kiwango unachojipangia mwenyewe. Unaweza kuweka mapigano ya Balanced, ukawasha hifadhi moja, ukaficha uhai wa maadui, ukaongeza au kupunguza gharama ya kulala. Safari yangu inayofuata nitaicheza hivyo: maadui wa Tactician, akiba za kulala za Balanced, na uhai wa adui umefichwa ili nisome mwenendo wake badala ya kusoma namba.