Apu ya kupiga hesabu ya pembe ya lenzi: nyota tatu, zilikuwa ziwe nne

Nimekaa na hii apu miezi kama minane, jina naliacha maana sitaki ugomvi na mtu. Kazi yake ni moja tu, unaiambia lenzi ni ya milimita ngapi na filamu ni ya saizi gani, yenyewe inakupa pembe, yaani lenzi itaona nyuzi ngapi. Mwenye kamera moja na filamu moja haihitaji, jicho lake lishazoea. Ila mimi ni wa kurukaruka, leo napiga picha za mnato kwa filamu ya mm 35, kesho Super 16 (filamu ya sinema ya upana wa mm 16), kuna wakati naazima kamera ya 6x6 (ya filamu kubwa, picha yake ni mraba), na milimita zilezile 25 ambazo kwenye hiyo filamu ya mm 35, yenye fremu ya upana wa mm 36, zinakupa nyuzi 71 na ushee, kwenye Super 16 zinakupa 28 tu. Kichwa changu mpaka leo kinagoma kuzoea hilo.

Hesabu yenyewe wala si ngumu. Unachukua upana wa fremu unagawa kwa milimita za lenzi mara mbili, unatafuta tan kinyume (kitufe cha tan⁻¹ kwenye kalkuleta), jibu unazidisha kwa mbili. Lenzi ya 50 kwa upana wa 36 inakuja nyuzi 39.6. Nilikuwa naipiga kwenye kalkuleta ya simu mpaka siku moja ikanipa 0.69, nikakaa nashangaa lenzi gani hii inachungulia chini ya nyuzi moja, kumbe kalkuleta iko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, si nyuzi. Siku hiyohiyo nikashusha apu.

Sasa sababu ya kuinyang'anya nyota. Nilikuwa na shoti moja ya watu saba wamejipanga ukutani, mstari wao mita 3 kamili, chumba kidogo, kamera ikibanwa kabisa mlangoni inapata mita 3.5 mpaka walipo. Kamera Super 16, lenzi ya mm 16, na ndo hiyo tu niliyokuwa nayo. Apu ikaniambia nyuzi 48.9, na chini yake ikaandika kwamba kwa umbali huo naona mita 3.18. Nikasema poa, wanaenea na nafasi inabaki. Siku ya kazi naweka jicho kwenye kamera, wa kwanza kushoto bega halipo, wa mwisho kulia naye vilevile!

Nikadhani lenzi ndo mbovu. Kumbe ile 48.9 ni ya kona hadi kona, na apu haijaandika popote kwenye kioo kwamba inapima kona hadi kona, mpaka uingie kwenye mipangilio, ukurasa wa pili, ndo unakuta kitufe cha kuchagua upana au kimo. Sa nani anapanga watu kona hadi kona jamani? Upana wa kweli wa ile fremu ni mm 12.52, hiyo inatoa nyuzi 42.7, na kwa mita 3.5 unaona mita 2.74 basi. Tulichofanya tukafungua mlango, miguu miwili ya stendi ikatoka nje koridoni, tukapata kama sentimita 35 za kurudi nyuma na ikatosha kwa kubana, ila taa zote ikabidi zipangwe upya na kila anayepita koridoni anaruka stendi yangu.

Kingine, kwenye 6x6 waliweka fremu ya mm 60 kwa 60. Jina ni jina tu, picha yenyewe ni kama 56 kwa 56, kwa hiyo lenzi ya 80 wanakupa 41.1 wakati ni 38.6. Hapa siwalaumu sana maana unaweza kuandika vipimo vyako mwenyewe ukavihifadhi, na hicho ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote. Na haihitaji intaneti.

Ukipiga vitu vidogo kwa karibu usiitegemee. Inahesabu kama vile umefokasi mbali kabisa, wakati lenzi ya kawaida ya mm 100 ikisogezwa nje mpaka picha ilingane na kitu chenyewe, pembe inabaki kama nusu, kutoka nyuzi 20 unaangukia 10. Na lenzi za jicho la samaki, zile zinazoona pana mno na kupinda mistari, ndo kabisa, fomula hii si yao.

Siku hizi hata nyuzi siziangalii sana. Nazidisha umbali kwa upana wa fremu nagawa kwa milimita za lenzi, napata mita moja kwa moja, apu nabaki nayo kwa sababu imenitunzia vipimo vyangu vyote vya fremu. Ile shoti ningekuwa na lenzi ya 12 ningeona mita 3.65 na mlango ungebaki umefungwa.