TAHADHARI: huyu kaka anayeuza safari za Phuket kwa Kiswahili ni TAPELI

Jamani naandika hapa hasira bado zimenikaba koo. Nyie mnaokwenda Bangkok kufunga mzigo halafu mnapitiliza Phuket kupumzika, huyu kaka wa kwenye grupu letu anayejitangaza anapanga safari za boti za ghuba ya Phang Nga kule Thailand, za kile kisiwa cha James Bond, msimpe hata senti. Ametupiga mchana kweupe mimi, mume wangu, wifi yangu na mama mkwe, na mama mnajua hali yake tangu msiba ule, yaani hii safari ndo tulimwandalia yeye.

Nilimtafuta tukiwa bado Pratunam, kule sokoni Bangkok. Akapiga mwenyewe, mpole kweli, dada poleni na pilika, dada mama anasumbuliwa na magoti? basi nawatafutia boti yenye ngazi nzuri. Nikamuuliza chakula, akasema mtakula Koh Panyi, kile kijiji kimejengwa juu ya nguzo baharini, wenyeji Waislamu, msikiti upo, chakula halali, mama ale bila wasiwasi. Na ni kweli kijiji kipo na msikiti upo, nimeuona kwa macho yangu! Sasa mtu anajua mpaka hayo, anaongea Kiswahili cha nyumbani, yuko grupu moja na nyie siku zote na watu wanamwita kaka, unaanzaje kumshuku? Msije hapa kuniambia ningejua, hakuna ambaye asingetuma.

Laki nane na nusu, boti ya peke yetu, kiingilio cha hifadhi ndani yake, mitumbwi ya kuingia mapangoni ndani yake. Nikatuma kwenye simu, jina likaja la mwanamke, nikauliza, akasema ni mke wangu ndo anashika hesabu. Vocha ikaja, ina nembo, ina muhuri, majina yetu wote wanne yameandikwa vizuri.

Gari ifike saa moja asubuhi. Mama ameamka alfajiri, ameshavaa, amekaa pale mapokezi na kipochi chake mapajani kila gari ikipita ananiangalia mimi. Saa mbili hakuna kitu. Napiga, anasema dereva kapata pancha, chukueni taksi mje gatini nitawarudishia nauli. Tukaenda. Yule binti wa kaunta akaiangalia vocha, akaigeuza simu, akamwita mwenzake, wakaongea Kithai, halafu akanirudishia simu kwa mikono miwili huku ananionea huruma, hiyo huruma ndo iliniua kabisa. Nembo ni yao ila vocha siyo yao, imechongwa. Watu wamepanga foleni nyuma yetu, mama anauliza kuna nini mwanangu, nikashindwa kumjibu.

Tukalipa upya, boti ya kuchangia na watu. Kiingilio baht 300 kila mtu mzima mgeni, tukatoa tena. Na jiwe lenyewe la James Bond, Ko Tapu, wallahi ni zuri, limesimama peke yake majini, urefu kama mita 20, chini jembamba juu nene, hujui limeshikwa na nini. Mnaliangalia kutoka ufukwe wa kisiwa cha jirani, hamlisogelei. Mwongozaji akatuambia boti zimekatazwa kulikaribia tangu 1998 kwa sababu mawimbi yanalila chokaa pale chini na litakuja kudondoka. Mimi nikaganda, maana huyu kaka nina voisi yake kabisa anasema "nitawasogeza mpaka mama aliguse kwa mkono". Hajawahi kufika pale huyo! Nikamwandikia hapohapo kwenye boti, tiki zikawa bluu, akanibloku.

Sasa mjue: jina la pesa siyo jina lake, simu ya video hapokei, na vocha haina namba ya leseni. Thailand kampuni ya utalii lazima iwe na leseni ya Idara ya Utalii, namba yake iombeni na muulizeni kampuni yenyewe kabla hamjatoa pesa. Akiwaambia mtaligusa jiwe, kateni simu. Mkiwa kule polisi wa watalii ni 1155.

Ila mimi nataka huyu mtu afungwe. Afungwe kabisa na huyo mke wake wa hesabu, anakula pesa ya mama mgonjwa na anaingia grupuni kusalimia "ndugu zangu". Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, anapatikana huyu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ya Tanzania ipo, siyo pambo. Namba yake nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Admin mtoeni leo, sitaki kusikia habari ya tuyamalize kifamilia, mliomtetea jana nimewaona.

Aliyewahi kutumiwa vocha yenye muhuri wa bluu wa mviringo aje inbox na skrinshoti ya muamala, nakusanya zote, Jumatatu mimi na mume wangu tunaenda polisi.