Nilifuta "mnyama kipenzi" nikaandika "michango": miezi minne na karatasi za bajeti

Nilizinunua kwenye duka la stesheneri karibu na kituo, Tabata. Karatasi 12 za A4, moja kwa kila mwezi, shilingi 5,000. Kila moja ina safu tatu: makadirio, halisi na tofauti. Nimezijaza kuanzia Machi mpaka Juni, kwa penseli.

Mwezi wa kwanza nilizichukia. Aliyezitengeneza alikopi kwa watu wa mbali: kuna mstari wa bima ya nyumba, wa mkopo wa gari, hata wa chakula cha mnyama kipenzi (paka wa jirani anakula dagaa zangu, lakini sijamwekea bajeti). LUKU, yaani umeme, haipo. Kikoba hakipo. Michango haipo! Mtu unaishi Dar halafu huna mstari wa michango, unamdanganya nani? Juni peke yake nilikuwa na kadi mbili za harusi, singo (ya mtu mmoja) 50,000 kila moja, na kipaimara cha mtoto wa shangazi. Ndipo nilipomfuta huyo mnyama.

Kodi ndiyo iliyonisumbua zaidi. Chumba changu ni 120,000 kwa mwezi, ila mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 720,000, na mshahara unaonifikia mkononi ni 640,000. Karatasi inadhani kila kitu hulipwa mwezi kwa mwezi, hivyo miezi mitano inakuita tajiri, wa sita inakuvua nguo. Nilichofanya: kila mwezi naandika 120,000 kwenye "halisi" kama vile nimeshalipa, na hela yenyewe inaingia kwenye kibubu siku hiyo hiyo ya mshahara. Gesi nayo hivyo hivyo, maana mtungi wangu unakaa miezi miwili.

Kilichonifanya nisizitupe ni ile safu ya tofauti. Siku zote nauli kwangu ilikuwa daladala tu. Boda ya kutoka ndani mpaka kituoni, buku asubuhi na buku jioni, sikuwahi kuiita nauli. Siku 22 za kazi: 44,000. Nilirudia hesabu mara mbili. Kumbe na makato ya wakala yalikuwa yananila: natoa 10,000 leo, 10,000 kesho, na kila ukitoa unakatwa. Sasa natoa mara moja kwa wiki, ya sokoni na ya nauli pamoja. Asubuhi natembea. Jioni boda bado napanda, giza la kule kwetu si la kutembea peke yako.

Nafasi za kuandikia ni finyu, na kujumlisha kwa mkono kuna kukosea. Najaza Jumapili usiku nikisoma meseji za miamala. Nikiruka Jumapili moja, wiki hiyo siikumbuki tena. Kama wewe ni mama ntilie au dereva wa boda, hela inaingia kila siku, usinunue hizi. Chora ya wiki kwenye daftari.

Nazipa nyota tatu. Za mwakani nimeshamchorea dada wa stesheneri: LUKU, gesi, kikoba, boda, michango. Kasema atanichapia kwa 3,000, mradi nimruhusu awauzie na wengine.