Boti ikipinduka Lamu: idadi ya kwanza au iliyothibitishwa?

Tuseme boti ya abiria imepinduka kati ya Mokowe na Amu. Mwandishi aliyefika jetini ana njia mbili.

Ya kwanza ni kurusha idadi aliyoisikia hapo hapo: "Watu 30 wamezama." Inawahi, lakini namba ya kwanza hunata. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio la gurudumu la namba lililosimama kwenye 10 au 65, kisha watu wakakisia asilimia ya nchi za Afrika katika Umoja wa Mataifa. Kwa walioona 10, kadirio la katikati lilikuwa 25. Kwa walioona 65, lilikuwa 45. Na gurudumu halihusiani kabisa na Afrika! Hivyo ukisahihisha baadaye kwamba ni 8, 30 bado inawavuta wasomaji, na wenye jamaa majini wameshaumia.

Ya pili: andika mahali, saa na kwamba uokoaji unaendelea. Kisha linganisha hesabu ya nahodha, ya waokoaji na ya hospitali. Aliyeokolewa na wavuvi akapelekwa hospitali huhesabiwa mara mbili kirahisi. Zikipishana, taja kila namba na aliyeitoa. Tunaichagua hii, hata redio nyingine ikitangulia.