TAHADHARI: Shokapu za kujazwa na springi za kukatwa zinauzwa Arusha na Moshi kama mtumba wa Japani

Wakuu wa Arusha na Moshi, hasa wenye Mark X, Crown, Altezza, Premio na sedani nyingine mnaopenda gari likae chini: kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Instagram akiuza "seti kamili ya kushusha", yaani shokapu nne na springi nne, eti mtumba wa Japani uliotoka kwenye gari lililokatwa. Msinunue. Mzigo wake nimeushika kwa mikono yangu, na naeleza kilichomo ili hata akibadili jina na namba (na anabadili kweli) mumtambue kwa bidhaa.

Anavyofanya kazi ni hivi. Picha zake ni nzuri, shokapu nyeusi zinazong'aa, springi za kijani, vyote vimepangwa juu ya boksi. Bei ni laki tatu na themanini seti nzima, na hiyo bei ndiyo chambo. Ukiuliza duka liko wapi, mtu wa Arusha anaambiwa stoo iko Moshi, Majengo. Mtu wa Moshi anaambiwa stoo iko Arusha, Unga Limited. Ukimjibu kwamba si mbali, unapanda kosta unakuja mwenyewe, ghafla stoo imefungwa, mwenye funguo amesafiri, halafu kuna mteja wa Babati ameshaweka nusu na anaufuata mzigo jioni. "Bosi wangu, tuma nusu nikushikilie, nyingine utamalizia ukishaambiwa mzigo uko kwenye gari." Namba ya kutumia pesa siyo lipa namba, ni ya mtu binafsi, na jina linalotokea kwenye simu siyo lake. Ukihoji, ni la mke wake.

Ujanja wake mkubwa ni kwamba mzigo unafika kweli. Huyu siyo yule tapeli wa kula pesa na kuzima simu. Anatuma kitu chenye umbo la shokapu na springi, na ukilalamika anakuambia bidhaa ikishatoka hairudi, fundi wako ndiye hajui kufunga. Ukitaka kushtaki, ana jibu tayari kwamba hii ni biashara tu, mteja amebadili mawazo.

Shemeji yangu wa Moshi, mwenye Mark X GRX120, alishalipa pesa yote kabla sijajua habari hii. Akaleta mzigo kwa fundi wangu Unga Limited ili ufungwe. Fundi huyu ni mzee wa makamo, hana haraka, na hainui gari kabla hajakagua kinachoingia. Akachukua shokapu moja ya mbele, akalowesha kitambaa kwa thina, akaanza kusugua ganda lake karibu na chini. Rangi ikatoka kirahisi, inanata vidoleni. Chini yake kikajitokeza kidonda cha kuchomelea, kidogo tu, ukubwa wa kichwa cha msumari, kimepigwa msasa kikawa sawa na ganda. "Shem, njoo uone mlango wao," akamwita shemeji. "Hapa wametoboa, wamemwaga oili ya zamani, wamejaza nyingine, wamechomelea, wakapuliza rangi." Kisha akaisimamisha mezani, akaisukuma fimbo hadi mwisho, akaiachia. Ikabaki hukohuko chini.

Hapo ndipo pa kuelewa vizuri. Shokapu nyingi za sedani hizi ni za oili na gesi. Gesi ni naitrojeni iliyofungwa kiwandani kwa presha, na kazi yake ni kuizuia oili isitoe povu inaposukumwa huku na huku kwa kasi. Ikiwa nzima, ukiisukuma fimbo na kuiachia, inapanda yenyewe polepole. Ukishatoboa ganda, gesi imekwenda, na hakuna kuchomelea kunakoirudisha. Kinachobaki ni bomba la oili usiyojua ni ya nini. Ukiisukuma dukani inaweza kukupa ugumu wa kuridhisha. Ipeleke kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, oili ipate moto na kutoa povu, ndipo utajua hujui, maana gari linaanza kunesa na halitulii. Tena walivyojaza kwa kukisia, mbili za ekseli moja hazilingani. Za shemeji, ya kulia ilikuwa ngumu, ya kushoto inaingia bila kubisha. Gari la namna hiyo ukikanyaga breki za ghafla linavuta upande.

Lakini msiwahukumu wauzaji wote kwa kipimo hicho kimoja. Zipo shokapu za oili tupu ambazo fimbo yake haipandi na bado ni nzima. Na shokapu iliyolazwa stoo muda mrefu huwa na hewa mahali isipotakiwa, kwa hiyo isimamishe wima, isukume na kuivuta mara kadhaa, ndipo upime. Nzima huenda kwa ulaini wa mfululizo, bila kurukaruka njiani, na kwa kawaida kuivuta ni kugumu kuliko kuisukuma. Kagua na fimbo: iwe inang'aa, isiwe na vishimo vya kutu wala mikwaruzo ya koleo. Mkwaruzo mmoja unatosha kuichana sili na kuanza kuvujisha. Rangi mpya iliyofunika stika au namba ya kiwandani ni sababu ya kuaga na kuondoka.

Springi zake ndizo zilizonikera zaidi, maana hizo zinaweza kuua mtu. Fundi aliziweka mbili sambamba. Mwisho mmoja wa kila springi ulikuwa sawa, waya umekunjwa kufuata kikombe chake. Mwisho wa pili ulikuwa umekatwa wima kwa grinda, kingo kali, na chini ya rangi ya kijani chuma kilikuwa na alama za bluu za kupata moto. Yaani ni springi za kawaida zilizokatwa pingili na kupuliziwa rangi. Kijani kilichaguliwa kwa makusudi kwa sababu springi za Tein zinajulikana kwa rangi hiyo. Ila rangi inauzwa kwenye kopo hata hardware ya mtaani, na haithibitishi chochote. Springi halisi ya kushusha huwa na namba ya modeli iliyochapwa kwenye waya. Hiyo namba iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe uone kama ni ya gari lako.

Najua machalii wa Chuga (Arusha) wataniambia kukata springi ni jambo la siku zote na magari yanatembea. Yanatembea, sawa. Springi ya kushusha huzungushwa kiwandani ikiwa fupi na ngumu kuliko ya kawaida, na miisho yake imeundwa kukaa kwenye vikombe vyake. Ya kukatwa inakuwa ngumu kidogo, lakini mwisho wake haukai vizuri. Gari likiinuliwa kwa jeki, au tairi likining'inia kwenye shimo, springi inalegea, inagonga, na inaweza kuchomoka mahali pake. Wale wanaoichoma kwa moto wa gesi ili ilale ni wabaya zaidi, kwani chuma kile kikishapata moto hupoteza ugumu, huendelea kushuka chenyewe na mwisho hukatika. Hii siyo ya kujaribia kwenye barabara ya Moshi ukiwa unaipita semitrela.

Tatizo la soko hili ni kwamba wengi tunachanganya kazi za vitu hivi viwili. Springi ndiyo inayobeba uzito na kuamua gari likae juu au chini. Shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kudunda baada ya tuta, ili tairi libaki limeshika lami. Kwa hiyo springi ikiwa ngumu zaidi inataka shokapu yenye nguvu zaidi ya kuizuia hasa inaporudi juu. Ndiyo maana mtu anafunga springi nzuri kabisa juu ya shokapu zilizochoka, halafu analaumu springi kwamba gari linaruka. Na gari likishushwa, shokapu ya kawaida inafanya kazi ikiwa imeshaingia ndani, na safari iliyobaki hadi kwenye raba ya bampu, ile inayopokea kipigo shokapu ikiingia hadi mwisho, ni fupi. Ukisikia "du!" kwenye kila tuta, ni hiyo raba inayokula kipigo.

Kwa barabara zetu mimi naona inchi moja, ikizidi sana moja na nusu, inatosha kuboresha kona bila kuua raha. Zaidi ya hapo tafuta shokapu fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na ujiandae kuyaingia matuta ya Kikatiti kwa mshazari. Toka nyumbani na namba ya chesisi, siyo jina la gari. Mark X GRX120 na GRX125 zinafanana kwa macho, lakini ya pili ni 4WD na shokapu zake za mbele ni tofauti. Nunua jozi kwa ekseli, kamwe usinunue moja. Mwambie fundi boliti za bushi (raba za kwenye viungo vya chini ya gari) azikaze mwisho gari likiwa limesimama kwa tairi zake, maana akizikaza likiwa juu ya jeki bushi zinabaki zimejipinda na zinachanika mapema. Baada ya hapo nenda alaimenti siku hiyohiyo, kwa sababu gari likishuka tairi huinama kwa ndani na kuliwa upande huo.

Kuhusu malipo, spea za mtumba zinalipwa mbele ya fundi, kwa lipa namba yenye jina la duka, na risiti ya EFD mkononi. Muuzaji asiyekubali mzigo ukaguliwe kabla ya pesa kutoka hana mzigo wa kukaguliwa. Wauzaji waaminifu wapo Unga Limited na wapo Moshi mjini, na wengi wao watakuruhusu uisukume fimbo hapohapo kaunta bila kununa.

Kama tayari umepokea seti yake, usiifunge hata kwa majaribio. Ikishafungwa atasema umeiharibu wewe. Piga picha za kidonda cha kuchomelea na za miisho ya springi, tunza mazungumzo yote, ujumbe wa muamala na stakabadhi ya kifurushi kutoka kwenye kosta. Namba aliyotumia itume kwenda 15040 ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Polisi nendeni na vielelezo hivyo vyote pamoja, mkieleza kwamba mlitangaziwa bidhaa moja mtandaoni mkatumiwa nyingine, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa udanganyifu wa aina hii. Mzigo ukija kwenye boksi lenye nembo ya kampuni inayojulikana, hiyo ni bidhaa bandia, na wanaoshughulikia bidhaa bandia ni Tume ya Ushindani, FCC.

Shemeji ameshafungua RB, yaani taarifa imeandikwa polisi. Muuzaji alimblock siku alipotumiwa picha ya kidonda, na wiki hiyohiyo seti ileile, springi ileile yenye mchirizi wa rangi kwenye pingili ya pili, ikatangazwa kwa jina jingine kama ya Crown.